Mbuzi Watatu, na Sala ya Kusikilizwa Kalamba

Nilikwenda Kalamba kwa sababu ya Mwende. Tulikutana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa hapa Kitui, kisha tukaandikiana barua, mimi nikiandika polepole kwa sababu mkono wangu si mwepesi. Baba alipotuma habari kwamba tunataka kuleta ntheo, yaani wale mbuzi watatu ambao sisi Wakamba hupeleka kwa kina msichana ili ajulikane ana mwenyewe, babake Mwende alijibu kwa kifupi: "Mbuzi ninao. Mleteni kijana mwenyewe nimsikie akiomba. Siwezi kutoa binti yangu kwa nyumba ambayo sijaisikia ikiongea na Mungu."

Jibu hilo lilininyima usingizi. Nilikuwa nimeokoka, ndiyo, lakini kuomba kwa sauti mbele ya watu sikuwa nimewahi. Kanisani kwetu tukishikana mikono na kuomba kwa zamu, aliyeshindwa humfinya jirani mkono, naye jirani huendelea. Mimi nilikuwa bingwa wa kufinya.

Asubuhi ya kuondoka tulikutana mjini Kitui. Mguu wa baba ulikuwa unauma, kwa hivyo aliyenisindikiza ni mdogo wake, baba mdogo Kilonzo. Tulipanda nyuma ya lori lililokuwa likienda kuchukua mkaa upande wa mto Athi, mbuzi wetu katikati. Nilivaa koti la baba. Sala nilikuwa nayo tayari, nimeikariri wiki nzima, ina maneno makubwa makubwa niliyookota kwa wahubiri.

"Hebu iombe nisikie," baba mdogo akasema.

"Hapa kwa lori?"

"Kwani Mungu hapandi lori?"

Nikafumba macho, nikaanza. Sikufika mbali. Lori liliruka shimo nikauma ulimi, na baba mdogo akacheka mpaka ikabidi amshike mbuzi ili asianguke.

Adhuhuri lori lilituacha, tukaanza kutembea kuelekea mtoni. Mbuzi mweupe, aliyekuwa mnene kuliko wenzake, akalala chini na kukataa kabisa kuinuka.

"Mwache apumzike," baba mdogo akasema. "Huyo nilimchagua mwenyewe. Tazama huo unene! Watu wa Kalamba watanyamaza."

Baada ya muda unene ule ukatoka, ukiwa na miguu minne na masikio.

"Baba mdogo, alikuwa na mimba!"

"Naona." Akavua kofia. "Nimefuga mbuzi tangu utoto wangu. Musyoka, usimwambie mtu."

"Nitafichaje? Sasa ni wanne. Nani amewahi kusikia ntheo ya mbuzi wanne?"

"Hakuna. Watasema watu wa Kitui hawajui kuhesabu. Lakini huyu mdogo tutamwachia nani? Fisi?"

Tulicheka tukashindwa kusimama. Nilimfuta yule mtoto kwa nyasi, tukangoja mama yake amlambe na kumnyonyesha, kisha nikamtia ndani ya koti la baba.

Pale Athi maji yalifika mapajani, na yalikuwa yanavuta. Baba mdogo alitangulia na mbuzi wale wengine wawili, dume na jike, nami nikafuata na mweupe, kamba mkononi, mtoto kifuani. Niliogopa sana. Bila kujua nimeanza lini, nikajisikia nikiongea kwa sauti. "Mungu, mshike huyu mama, mtoto nimemshika mimi. Yule dume anavuta kamba kama mwendawazimu, mtulize. Na Mwende je? Kama hunipi Mwende, niambie sasa hivi nigeuke, kabla hatujafika katikati." Sikusikia neno lolote la kunirudisha. Basi nikaendelea kupiga hatua, na moyoni nikawa mwepesi kama mtoto anayeogelea.

Ng'ambo ya pili nikajaribu kurudia ile sala yangu kubwa. Ilikuwa imetoweka yote.

Usiku ule tulilala kwa ndugu mmoja wa kanisa. Kulipokucha tukashika njia tena, nami sikunyamaza. Nilishukuru kwa kivuli. Njia ilipogawanyika nilimuuliza Mungu, tukakutana na mama aliyebeba kuni akatuelekeza. Baba mdogo alikuwa mbele na mbuzi, akapiga kelele, "Unaniambia mimi?" Nikamjibu, "Hapana." Akaendelea na safari yake.

Alasiri tukafika Kalamba. Mzee Ndambuki, babake Mwende, alikuwa amesimama mlangoni pa boma, mrefu, mikono nyuma. Aliwatazama mbuzi, akatazama kichwa kilichochungulia kwenye koti langu.

"Niliambiwa watatu."

"Tulitoka nao watatu, Mzee," baba mdogo akasema. "Mungu akaongeza njiani."

Kina mama jikoni wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akatuingiza ndani, muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ukaletwa na kuku juu yake, wote tukasimama na kushikana mikono.

"Kijana," akasema, "tuombee."

Nikamfinya baba mdogo. Naye akanifinya zaidi, karibu avunje vidole vyangu. Yule mdogo akalia ndani ya koti.

"Mungu," nikasema, "tumefika."

Halafu nikaendelea tu kutoka pale tulipoachia njiani. "Huyu mdogo amenyonya, asante. Mto haukutuchukua, asante. Lile jambo la Mwende nililokuuliza majini bado nangoja, na sasa babake yuko hapa, kwa hivyo ongea naye wewe. Bariki chakula na mikono iliyopika. Amina."

Hakuna aliyesema amina. Nilifungua jicho moja. Jikoni mtu mmoja alishindwa kujizuia akacheka kwa sauti, nikajua ni Mwende, na masikio yangu yakawaka moto.

"Ulimuuliza nini majini?" Mzee akasema.

Nikamweleza yote, hata habari ya kugeuka. Akaachia mikono, akaketi.

"Kijana aliyekuja kabla yako aliomba mpaka chakula kikapoa. Sala nzuri sana! Lakini alikuwa kama mtu anayejitambulisha kwa mgeni. Wewe umeingia kwangu mkiwa bado mnaongea." Akamgeukia mkewe. "Mama Mwende, fungua zizi. Waingie wote wanne."

Baba mdogo aliruka juu akagonga kichwa kwenye mwamba wa paa, na hakujali.

Kurudi tulizungukia Sultan Hamud ili tupate basi la Machakos. Nilikuwa nimedhani imani ni kupata ujasiri kwanza, ndipo uongee na Mungu. Sasa naona kwamba mtu huanza kuongea akiwa bado anatetemeka, na asikate maneno. Nilikaa kando ya barabara nikimsimulia Mungu jinsi Mwende alivyonipungia mkono.

Mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa akanitazama. "Kijana, unaongea na nani?"

Zamani ningekufa kwa aibu. "Na Mungu," nikasema. "Amenipa mke."

"Kumbe!" Akapanga machungwa yake vizuri. "Basi kabla hamjaagana, msalimie."

"Hatuagani, mama," nikamwambia. "Salimia tu, anasikia."