Sikio la Fundi Chirau

Mwabungo nzima ilijua kwamba Fundi Chirau hapimi gari kwa mashine. Alipima kwa sikio. Alianza kazi ujanani katika karakana moja ya Matuga, na tangu hapo akawa mtu wa kuinamia injini, kufumba macho, kisha kusema, "Ni beringi hiyo," na ikawa ni beringi kweli. Mafundi wa Ukunda wenye vidude vya kompyuta aliwacheka waziwazi. Sifa hiyo ilimlisha, ikamwoza mke, ikamsomeshea wanawe. Miaka ya karibuni lilimuudhi jambo moja tu: watu wamekuwa wavivu wa kusema. Mkewe ananong'ona, wateja wananong'ona, hata imamu naye sauti imemwishia. Dunia imeharibika, alisema, akaendelea na kazi.

Siku ile, baada ya swala ya adhuhuri, gari dogo la Nassir lililokuwa limezima barabarani lilisukumwa mpaka bandani kwake. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Bi Mishi, bibi yake Nassir, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha nguvu.

"Shikamoo, fundi," alisema Nassir.

"Marahaba. Mbona nyuso hizo?"

"Tuna msiba Msambweni. Dadake bibi amefariki asubuhi hii."

"Inna lillahi! Makiwa, Bi Mishi."

"Tunayo, mwanangu."

Walikuwa watoto wa tumbo moja, na walikuwa wamebaki wao wawili tu. Jeneza lingetoka alasiri, na Bi Mishi hakutaka kingine ila auone uso wa dadake kabla halijatoka. Nassir alipotaja kutafuta teksi, Chirau alimkataza.

"Mwache mama atulie hapo alipo. Hili ni jambo dogo."

Injini ilizunguka vizuri kwa stata, ila petroli haikufika. Gari kama lile, ukifungua swichi tu, pampu huvuma kidogo ndani ya tangi chini ya kiti cha nyuma, kisha hunyamaza. Chirau hakusikia kitu. Alitazama fyuzi, akaikuta nzima. Akachomoa rilei, kile kidude cheusi kinachopitisha umeme kwenda kwenye pampu, akatia mahali pake ile ya honi, maana zilifanana.

"Fungua swichi, usipige stata."

Betri ya mtu haichezewi. Desturi yake ilikuwa stata isipigwe mpaka kwanza aisikie pampu. Akainama kwenye dirisha la nyuma, akafumba macho. Kimya. Nassir akarudia. Kimya.

"Pampu imekufa," akasema.

Wakamtoa Bi Mishi, wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Kiti cha gari kikang'olewa. Skrubu za mfuniko wa tangi zilikuwa zimeliwa na chumvi ya pwani, moja ikakatikia ndani, na kazi ya haraka ikawa kazi ya kubembeleza. Nassir alizungukazunguka tu pembeni, kwa kuwa fundi mkubwa hasukumwi. Pampu ilipotoka, simu yake ililia. Alisikiliza, kisha akamsogelea Chirau.

"Wamekwisha kuswali, fundi. Jeneza limetoka. Wamesema tuwawie radhi, maiti hangojewi."

"Wameswalije? Hata adhana ya alasiri bado!"

Nassir alimtazama kwa mshangao. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara tu. "Imeadhiniwa zamani, fundi. Hapo hapo."

Chirau aliichukua pampu mpaka kwenye betri kuukuu ya bandani, akagusisha nyaya. Ikatetemeka kiganjani kama kifaranga. Akaipeleka sikioni. Ilimtetemekea shavuni, wala hakusikia kitu. Akajaribu sikio la pili. Hapo akakaa chini. Pampu ilikuwa nzima. Rilei ndiyo iliyokuwa mbovu, na hiyo alikuwa ameshaibadilisha pale mwanzo kabisa. Wangekuwa wamefika Msambweni kitambo, na bibi ameshamuaga dadake. Aliona haya, na haya ile ilimuuma kuliko jeraha.

Akarudisha kila kitu. Injini ikawaka mara moja. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini alikwenda akachutama mbele ya Bi Mishi.

"Niwie radhi, mama. Pampu haikuwa imekufa. Ni mimi sikuisikia."

Bi Mishi alijifuta macho kwa ncha ya leso. Midomo yake ikacheza. Chirau hakulipata neno, ikabidi amwombe arudie.

"Mimi niliisikia," Bi Mishi akapaza sauti. "Ilivuma hapa chini yangu nilipokuwa nimekaa. Nikasema, nani mimi nimfundishe Chirau kusikia?"