Jimbo la Mtu Mmoja

Shangazi yangu, ambaye sisi wote nyumbani tunamwita tantine, alitangaza kugombea ubunge siku ya Ijumaa mchana, tukiwa nyumbani kwa papa, baba yangu, tunakula wali, samaki na pondu, yale majani ya muhogo. Hakutangaza kwa sauti ya kuomba. Alinawa mikono, akajipangusa midomo, akasema: «Bon. Miye naenda bungeni.» Papa, ambaye ni kaka yake mkubwa, akamuuliza kama anaenda kuuza vitenge huko.

Swali lenyewe halikuwa la kijinga sana. Tantine ana duka la vitenge Makiso, karibu na mabenki, na mimi nauza naye tangu nimalize shule. Lakini papa hakuuliza ili ajibiwe. Aliuliza ili watu wacheke, na watu wakacheka mpaka wali ukawapalia. Tantine hakucheka.

Baba yao alikufa tantine akiwa bado mdogo, na papa ndiye aliyemlea. Alimpeleka shule kwa baiskeli, akamwoza, kisha akampigia kelele siku aliporudi kutoka kwenye ndoa hiyo na masanduku yake. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia kwamba amefanya vizuri. Duka lilipofunguliwa, alisimama kizingitini akasema mlango ni mwembamba. Donc jioni ile, papa akiwa msikitini, tantine alituambia sisi vijana wa nyumbani: «Hata mji muzima ukinichagua, kama yaya hanichagui, ni bure tu.» Yaya ndivyo anavyomwita, kama watu wa hapa wanavyomwita kaka au dada mkubwa. Tulijua hafanyi mchezo.

Sasa lazima nieleze jimbo lenyewe, la sivyo mtadhani tulikuwa wapumbavu kuliko tulivyokuwa. Jimbo letu la uchaguzi ni mji wote wa Kisangani. Kuna Makiso yenye ofisi, maduka na bandari, ambayo watu wake wanaamini mji unaishia pale kivuli cha nyumba zao kinapoishia. Kuna Lubunga, ng'ambo ya mto. Mtu wa kule akivuka kuja huku anasema anaenda Kisangani, utafikiri yeye anaishi nchi nyingine, na kivuko kikiharibika ni kweli anaishi nchi nyingine. Kuna Mangobo, ambako watu wengi wana ndugu chini ya mto, kule maji yanakoteremkia, na Kabondo, na Tshopo. Halafu kuna komini, yaani sehemu ya mji, inayoitwa Kisangani ndani ya mji unaoitwa Kisangani, na mgeni akiuliza kwa nini, tunamwacha ateseke.

Wafanyabiashara waliotoka Kivu Kaskazini, wengi wao watu wa misa ya asubuhi, wana maghala yao na wana mgombea wao. Watu wa chini ya mto wana wao. Na sisi? Sisi ni Waislamu ambao babu zao walikuja na misafara ya pembe za ndovu. Papa anapenda kusimulia historia hiyo kuanzia pale babu alipokwisha kufika, akaoa, akapanda mpunga. Ya kabla ya hapo anaikohoa tu.

«Sisi tuko kiganja kimoja,» papa alikuwa akimwambia tantine. «Mutu hawezi kupata kiti na kiganja kimoja.» Alikumbuka kwa hamu siku za chama kimoja, karatasi ya kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa hapana, na hiyo nyekundu kila mtu aliiogopa kuliko nyoka. Mambo yalikuwa mepesi, alisema, ulirudi nyumbani kabla chakula hakijaiva.

Tantine hakukata tamaa. Akaita ukoo mzima dukani Jumapili moja. Akafungua kitenge cha buluu, akakitandaza sakafuni, akasema huu ni mto. Upande wa kushoto akaweka kwanga moja, ule mkate wa muhogo: Lubunga. Upande wa kulia akapanga vitunguu, ndizi, chumvi, pakiti ya sukari na kopo la maziwa, kila kimoja na komini yake. Halafu akaanza kutugawa. Binamu huyu na wake zake, Mangobo. Wale mapacha wenye toleka, ambao wanabeba abiria kwa baiskeli mji mzima, Kabondo na Tshopo. Mimi, Makiso. «Mbele ya kutafuta kura za batu, tuko na kura zetu,» alisema, akizungusha mkono juu yetu sote. «Huu ukoo ni musingi. Ni batu wengi. Na musingi hauibiwe.»

Tukapiga makofi. Kweli tulikuwa wengi, duka lilikuwa limejaa mpaka nje. Ndipo binamu yangu anayebeba mizigo uwanja wa ndege wa Bangboka akainua mkono.

«Tantine, pole. Lakini sisi tunachagua Isangi.»

«Isangi gani?»

«Isangi ya Isangi. Kwenye mutu alijiandikisha, ndiko anapiga kura. Sisi tulijiandikisha Isangi.»

«Na nani mupumbavu aliwaambia mujiandikishe Isangi?»

Watoto waliacha kulamba sukari ya komini ya Tshopo. Binamu akatazama miguu yake, akasema polepole: «Ni weye, tantine.»

Aka! Ilikuwa kweli, na mimi nilikuwepo. Kwetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Ndiyo unayoonyesha polisi barabarani, ndiyo unayoonyesha benki, na wengi wetu hatukumbuki kabisa kwamba ina kazi nyingine. Wakati wa kujiandikisha, foleni za hapa mjini zilikuwa za kulala nje, mashine zinazimika, watu wanapigana viwiko. Tantine alikuwa mjanja, alikuwa amekwisha kuipata yake Makiso siku ya kwanza kabisa. Sisi wengine tulikuwa bado. Halafu ikaja harusi ya binamu yetu Isangi, mji mdogo chini ya mto wenye jimbo lake, tukateremka ukoo mzima kwa mashua kubwa ya mbao yenye mota, na ngoma, na masufuria, na mbuzi aliyetapika njia nzima. Kufika, tukakuta kituo cha kuandikisha hakina mtu. Mashine inafanya kazi, karani anasinzia. Tantine akapiga kelele kutoka chini ya hema la harusi: «Ingieni! Mungu anawapa kadi ya bure na munamutazama?» Tukaingia na nguo za harusi. Bibi harusi mwenyewe aliingia. Kwenye kadi yangu nina hina mkononi na macho ya mtu aliyekula kupita kiasi.

Wakati huo tantine hakuwa na wazo la bunge hata chembe. Sasa alikaa juu ya robota la vitenge, akatutazama, msingi wake wote, wapiga kura hodari wa jimbo la watu wengine. «Nzambe, Mungu wangu,» alisema. «Hata kura moja?»

Ilikuwepo moja. Papa hakwenda kwenye ile harusi. Alikataa kupanda mashua, akasema mababu zake walitoka pwani mpaka hapa kwa miguu, hataki kuwaaibisha kwa kutapika mtoni pamoja na mbuzi. Alibaki, akapanga foleni Makiso na kiti chake mwenyewe. Katika ukoo mzima, ukimtoa tantine, papa peke yake alikuwa mpiga kura wa Kisangani.

Wallahi, mjue kwamba ninampenda baba yangu. Lakini yale majuma ya kampeni yalinitoa roho. Ukoo ambao ulipaswa kutawanyika kwenye komini zote ulihamia barazani kwa papa. Mapacha wa toleka wakawa wanampeleka msikitini na kumrudisha, bure, mmoja anaendesha na mwingine anakimbia nyuma na mwavuli. Wake wa binamu wakaleta samaki wa kuvuta moshi, wakaleta mikate ya mchele. Papa akala vyote. Ukimuuliza, anajibu: «Kura ni siri.» Halafu anauliza kama samaki amebaki.

Akaanza hata kudai. Mtaro wa mbele ya nyumba unanuka, mgombea anasema nini? Kuku wa jirani wanalala dirishani kwake, mgombea ana programu gani? Tantine, ambaye mchana alikuwa anahutubia Lubunga juu ya kivuko, jioni alikuwa anazibua mtaro kwa koleo na buti za mpira, na papa kakaa juu anamwonyesha pale palipobaki uchafu. Mimi nilishindwa kuvumilia. «Papa, weye ni mutu ao ni jimbo?» Akasema mpiga kura asitukanwe.

Lakini neno la kumtia moyo hakumpa. Kila jioni tantine aliosha koleo na kumtazama kidogo, akisubiri, kisha akaaga. Niliona na roho iliniuma.

Siku ya kura nilimsindikiza papa mpaka shule walikopigia. Njiani nilimkumbusha namba ya tantine kwenye mashine, maana kwetu unachagua kwenye kioo chenye picha na namba za wagombea, na majina madogo ambayo macho ya papa hayayawezi. Akanikaripia: «Dada yangu nimujue kwa namba? Yeye ni mufungwa?» Akavaa kofia yake vizuri, akaingia. Mimi, mpiga kura wa Isangi, nikabaki uani.

Akakaa ndani. Akakaa. Foleni ikaanza kunung'unika, mama mmoja akauliza kama yule mzee amelala. Karani akamwita kupitia pazia, papa akamfokea. Watu wakapiga makelele. Mwishowe akatoka, jasho linamtiririka, akanitangulia bila kunitazama mpaka nyumbani. Alikataa chakula. Papa, kukataa chakula!

Kesho yake matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa darasa alimopigia papa. Tantine, ambaye yeye alipigia kituo kingine, alikwenda mwenyewe, mimi nyuma yake. Akapitisha kidole mpaka kwenye jina lake. Mbele ya jina palikuwa na sifuri.

Kwamba jimbo lilikuwa linamshinda, hilo alikwisha kulisikia kutoka vituo vingine na alilichukua kama mtu mzima. Hili hapana. Alitembea mpaka kwa papa bila kupanda toleka, kwenye jua lile, na mimi nikiogopa atakachosema. Alimkuta amekaa barazani. Akasema: «Yaya. Sifuri.»

Papa akainua uso, na ndiye aliyekasirika kwanza. «Weye ulinifanya nini? Picha gani ile uliwapa?»

Ile picha ya kwenye mashine ilipigwa studio moja ya mjini. Fundi alimvika nywele za bandia mpaka mabegani, akamng'arisha ngozi, akamfuta mikunjo na ule mwanya wa meno. Sisi tulisema ni nzuri sana.

«Nilipita picha zote,» papa akasema. «Nikarudia mwanzo. Batu wakanitukana, nikarudia tena. Nilikuwa natafuta sura ya mama yetu, maana weye uko na sura ya mama, tangu mutoto. Haikuwako! Iko madame mumoja tu mweupe anacheka. Sasa mutu achague madame?»

«Na ulichagua nani?»

«Nani? Nilikuwa nakutafuta weye! Nilitoka bila kuchagua mutu.»

Tantine akakaa chini, sakafuni, na kitenge chake kizuri. Papa hana subira hata ya kungoja chai ipoe, na sote tunajua.

«Ulinitafuta, yaya?»

«Picha zote, nasema! Zote!»

Machozi yalikuwa yanamtoka tantine na hakuyafuta. Akamwomba aseme tena. Papa akasema tena, kwa hasira ile ile, na tantine akamwomba aseme tena.