Harusi ya Dahabo Nyuma ya Leso

Leo nimestaafu. Cheka ukitaka. Fundi Mkuu mwenyewe kaniambia, "Mstaafu, ufunguo acha mezani." Wiki ijayo naanza chuo Mombasa. Wewe utakayekalia kiti changu katika duka hili la kunakili video hapa Garsen, kazi ilikuwa hivi.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikashindwa kubisha hodi. Nje jua linachoma, ndani giza la samawati la runinga. Mashine mbili zimepandana, ya sidii juu, ya kanda chini, waya wa njano ukipitisha picha, mweupe sauti. Jenereta ilinguruma taratibu, kama nimeingia tumboni mwa mnyama aliyelala.

"Wewe bubu?" Fundi Mkuu akauliza.

"La."

"Basi sema nisikie!"

Ndugu zetu walioko Jeddah hutuma harusi zao kwa sidii. Huku, mwenye bahati ana mashine ya kanda tu. Basi kitu kipya tunakirudisha kwenye cha zamani. Sidii ya saa moja hunakiliwa saa moja, nawe unakaa ukiwatazama watu usiowajua. Kanuni ya Fundi: tazama yote kwanza, ndipo unakili. Ila upande wa wanawake, walikovua buibui, yeye haangalii. Hutundika leso mbele yake, akaongoza kwa masikio. Ndiyo sababu aliajiri msichana.

Asubuhi moja Mama Dahabo, mfugaji Muorma anayeuza maziwa sokoni, alileta sidii. "Hii mtoto yangu anaolewa. Mimi kwenda huko siwezi. Weka kwa kanda, ndugu yangu iko na mashine. Kesho ng'ombe nahama, leo nataka ona yeye hapa."

Akaenda sokoni. Nikatazama kwanza: Dahabo akiingia ukumbini, dhahabu kifuani, wanawake wakipiga vigelegele. Picha ilitetemeka, ikapita. Kisha nikaanza kunakili.

Vigelegele vikakatika.

"Nini hicho?" Fundi akauliza nyuma ya leso.

"Imeganda."

"Wapi?"

Nikaitazama leso. Nimweleze vipi mwanamume, na bibi harusi kichwa wazi?

"Binti, mimi sioni! Sema!"

"Anapoingia!" nikapiga kelele.

"Simamisha kanda! Toa sidii, ifute toka katikati kwenda nje, usizungushe!"

Nikafuta. Nikafuta tena. Sidii iliruka pale pale kila mara, ikaangukia Dahabo ameshaketi. Mwishowe tukanakili hivyo hivyo.

Mama Dahabo alirudi adhuhuri. Fundi akatoka nje, tukabaki wawili. Picha iliporuka, akanishika mkono.

"Kuingia iko wapi?"

"Sidii imekataa, mama. Lakini mimi niliona."

"Sema basi."

Mimi, ambaye darasani nilikuwa nikijibu kwa kutikisa kichwa, nikasema. Rangi ya gauni. Hina hadi viwikoni. Mwendo wake wa polepole.

"Alilia?"

Ningeweza kusema ndiyo, maana bibi harusi hulia.

"Hakulia, mama. Kila hatua mbili aligeuka kuangalia mlangoni, kama kuna mtu hajafika."

Akavuta mtandio usoni. Jenereta ikanguruma, wanawake wa Jeddah wakaendelea kucheza mbele yetu, wadogo, wa samawati.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, tangu mlangoni, kwa sauti, hata Fundi huko nje bila shaka alisikia. Mashine huchoka, sidii hukwaruzika. Wewe utakayekalia kiti hiki, tazama vizuri mara ya kwanza. Huenda ukawa wewe tu uliyeona.