Kikwembe Kifuani

Nilivunja mbavu tatu ndani ya bafu, na wala sikuwa naoga. Nilikuwa nalisugua. Binti yangu, ninayeishi naye hapa Schaerbeek, huku Ulaya, alikuwa amenikataza: "Maman, achana na bafu, nitalisafisha Jumamosi." Mimi si mtu wa kungoja Jumamosi. Goti likateleza, nikaangukia ukingo kwa ubavu wa kushoto, kitu kikalia ndani yangu kama kijiti kikavu.

Hospitalini walinipiga picha. Daktari akasema mbavu haziwekwi plasta, zinaunga zenyewe kwa wiki sita. Kazi yangu ni kumeza dawa za maumivu, kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa, na kukohoa hata ikiuma. Binti alinitafsiria yote kutoka Kifaransa. Siwezi kusema sikuelewa.

Lakini pumzi ndefu ilinichoma kama kisu. Na binti yangu alikuwa anafanya kazi katika nyumba ya wazee kwa mkataba wa muda. Ulibaki mwezi mmoja, kisha wangempa wa kudumu. Miaka minne alikuwa anaungoja. Tangu nianguke alikuwa amekosa siku tatu, kuninyanyua, kunivalisha, kunipeleka chooni. Mkubwa wake alishamwambia: basi, siku nyingine hakuna.

Bon. Nikafanya kama tulivyofanya kwetu Bukavu. Nikachukua kikwembe, kitenge changu cha kujifunga kiunoni, nikajifunga kifua, nikakaza mpaka machozi yakatoka. Maumivu yakapungua. Nikavaa sweta mbili juu yake, nikapika chai.

"Eh, Maman! Umepona?"

"Enda kazi."

"Unavuta pumzi vile daktari alisema?"

"Sasa unafikiri nani anapumua hapa, jirani?"

Akacheka, akaenda.

Siku ya tisa homa ikanishika. Nilikuwa nakohoa kidogo kidogo kama paka. Binti akanivua sweta anipanguze jasho, akakiona.

"Maman. Hii ni nini?"

Nikavuta shuka nikifunike.

"Ulijifunga tangu lini?"

"Tangu urudi kazi."

"Kule kazini wazee wakivunjika mbavu, ndiyo mimi nawasimamia wapumue! Kila siku! Na wewe, mama yangu mwenyewe..."

Mapafu yalikuwa yamejaa. Kikwembe kilizuia hewa isishuke, ugonjwa ukapata nafasi ya kukaa. Nililala hospitalini siku kumi na mbili, mpira wa hewa puani. Zile tano za kwanza binti hakutoka pembeni yangu, maana walimwambia kama kuna ndugu wengine awaite. Hakuna wengine. Mutuelle, ile bima yetu ya ugonjwa, ililipa sehemu kubwa ya kitanda changu. Kazi ya binti yangu haikuwa na wa kuilipa. Hawakumfukuza. Mkataba uliisha, hawakumwandikia mwingine, donc ndiyo hivyo.

Alinieleza akiwa amesimama, koti bado mwilini.

"Si kosa yako, Maman."

Uongo. Tangu utoto wake nilimchapa akisema uongo, na siku ile sikumkaripia.

Kwenye picha ya mwisho daktari alisema mifupa imeunga vizuri sana kwa umri wangu. Binti yangu ndiye alinisindikiza. Ilikuwa Jumanne asubuhi, na hakuwa na mkubwa wa kumwomba ruhusa.