Loleza Haina Migomba

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Mvua ilikataa, mahindi yakafia shambani yakiwa hayajapita magoti, tukawa tunagawiwa unga wa mahindi ya njano uliotoka ng'ambo. Ugali wake ulinata kwenye meno na kunuka gunia. Watoto wangu waliula wakilia. Mtu akikuambia mwaka ule alikula ugali mweupe na maharage, muulize alikuwa anaishi nchi gani.

Basi wazee wa kanisa letu pale Soweto, Mbeya, wakatangaza kwamba Jumamosi tutapanda Mlima Loleza tukaombe mvua kileleni. Asubuhi kupanda, mchana kushuka. Nikasema naenda. Shamba lililokauka lilikuwa langu, na nilitaka kumwambia Mungu mwenyewe, si kumtumia watu.

Shida ilikuwa moja. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, naye alikuwa anapanda.

Mimi ni Mhehe wa Ipogolo, kule Iringa. Kwetu mkwe unampigia goti, unamwambia "kamwene", basi, umemaliza. Nikaolewa na Mnyakyusa wa Tukuyu, nikakuta mambo mengine kabisa. Kwao baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso. Ukisikia kikohozi chake unatoka njiani, unajificha, unainama mpaka apite. Nilifanya hivyo tangu siku niliyoolewa, tena bila kinyongo. Kule Tukuyu ni rahisi, kila hatua kuna mgomba. Unajitupa nyuma ya majani, hata mbwa hakuoni.

Askari wa mambo hayo alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Akanipanga nyuma ya watu wote, na kichwani akanitwika debe la maji ya kunywa ya msafara mzima, maana juu hakuna mto.

"Wifi, wewe Mungu kakupa shingo," akasema.

"Na wewe kakupa mdomo," nikamjibu. Tukacheka, tukaanza safari.

Tukaingia kwenye misindano ya zamani, ile miti ya mbao iliyopandwa na wakoloni kabla sijazaliwa. Wajukuu zangu wanaona vile vijiti vya mbao vya siku hizi wanasema msitu. Msitu gani! Mizee ile, watu wawili wakiukumbatia mmoja mikono haikutani. Imenyooka kwenda juu, matawi yanaanzia mbali huko kwenye mawingu, na chini hakuna hata kichaka. Ni yale majani makavu kama sindano tu, yanateleza kama sakafu iliyomwagiwa mafuta. Njia yenyewe moja, nyembamba, huku mlima, huku korongo.

Humo ndimo baba mkwe alipochoka. Alikuwa mtu mzima, na mwaka ule nani alikuwa na nguvu? Akaketi kwenye mzizi katikati ya njia, anahema. Watu wakampita mmoja mmoja. Wifi akanirudia mbio.

"Wifi, toka njiani! Baba amekaa."

"Nitokee wapi?"

"Jifiche."

"Kwenye nini?"

Akatazama huku na huku. Miti mitupu. Nikajibanza nyuma ya msindano mmoja, debe likatokeza upande huu, makalio upande ule. Wanawake waliokuwa mbele yangu wakageuka, wakaziba midomo. Mmoja akashindwa kujizuia: "Mama, hilo gauni la mti limekubana!"

Nikangoja. Mzee akainuka, akaenda kidogo, akaketi tena. Nikajibanza tena. Akainuka, akaketi. Huko juu nikasikia wimbo unaanza, watu wanafika. Mimi nimesimama nyuma ya mti kama mwizi wa kuku, shingo inawaka moto. Ndipo nikajiambia, desturi hii waliitunga watu wenye migomba. Loleza haina migomba. Nikatoka kwenye mti, nikashika njia.

"Wifi, unakwenda wapi? Wifi!"

Mzee sikumtazama usoni, heshima hiyo nilimpa. Nilikohoa kwa nguvu, kama anavyokohoa yeye. Nikasikia anainuka haraka. Nilipofika pale alikuwa ameupa uso mti, kofia imeshuka mpaka puani. Siku hiyo aliyejificha alikuwa yeye. Nikapita. Maji hayakumwagika hata tone.

Kileleni upepo ulitaka kunivua kitenge. Chini niliona mabati ya Mbeya, Rungwe kwa mbali, na Usangu yote imekauka, imepauka. Nikatua debe, nikapiga magoti pamoja na wengine.

Wifi akafika anahema, mzee nyuma yake. Wifi akaniambia mbele ya kanisa zima:

"Shuka ukakae chini ya yale mawe mpaka tumalize. Umempita baba. Mungu hawezi kusikia maombi ya mahali palipochafuliwa. Mvua isiponyesha, ni wewe." Halafu akaongeza, "Debe liache hapa."

Yaani debe lilikuwa safi, mchafu ni mimi niliyelibeba!

Nikasema, "Sishuki. Nimepanda kwa miguu yangu, nitaomba kwa mdomo wangu."

Mume wangu, aliyekuwa ametangulia na wanaume wenzake, akaja, akachuchumaa kando yangu. Hakuwa mtu mbaya.

"Mama watoto, nisaidie. Shuka kidogo tu. Dada atayafikisha haya Tukuyu, na ukoo utasema nikurudishe Ipogolo."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa ukoo. Unajua."

Nilijua. Mchungaji alikuwa amesimama na Biblia wazi, upepo unageuza kurasa, anatungoja. Baba mkwe alikuwa ameketi mbali, ametupa mgongo, mgongo mwembamba wa njaa kama wangu. Watu wote walitaka nishuke ili waanze.

Nikamjibu mume wangu, kwa sauti ambayo hata ule mgongo uliisikia:

"Sishuki. Nimepanda kwa miguu yangu, nitaomba kwa mdomo wangu."