Mwalimu Aliponyamaza

Jirani yangu kwenye chumba cha mtihani wa Kiingereza alikuwa mwalimu aliyenifundisha Kiingereza hicho hicho sekondari. Ameshastaafu, anataka kumfuata binti yake ng'ambo, na huko wanamdai cheti, yeye aliyefundisha nusu ya Mwanza. Iliniudhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba akiangalia pembeni.

Mimi nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu, kila jioni nyumbani pale Igoma nikiongea Kiingereza na ukuta.

Sehemu ya kuzungumza, wote mnavaa hedifoni na kuongea kwa pamoja, kila mtu na kompyuta yake. Tuliambiwa tueleze kazi tunayoijua vizuri. Mwalimu akaanza kwa sauti ile ile ya darasani, kisha katikati ya sentensi akakwama.

Zamani akinyamaza hivyo, darasa zima lilinyamaza, maana aliyeendelea kuongea alijuta. Nami nikanyamaza. Sekunde zilikuwa zinapungua kwenye kioo, maneno yote ninayo, ila mdomo ulikataa kufunguka mpaka yeye aendelee.

Hakuendelea, na muda wetu ukaisha pamoja.