Madoa Yasiyotambaa

Wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, watoto humwita Miwani. Alisomea magonjwa ya mimea, na ndiye anayetunza kitalu chetu cha miche ya nyanya. Kitalu ni chumba cha wavu chenye milango miwili. Wa ndani haufunguliwi mpaka wa nje ufungwe, ili wadudu wasiingie. Humo hushinda ameinama juu ya trei, miwani imejaa mvuke. Miche huuzwa kwa jina la ukoo, nami sitaki jina hilo lichafuke.

Miwani alikuwa amepata kazi katika maabara ya mbali. Sanduku lilikwisha fungwa madoa ya kahawia yalipotokea kwenye majani.

"Choma yote," alisema kaka yake mkubwa, shemeji yangu. "Na wewe huendi popote. Unataka utuachie aibu tuibebe sisi?"

"Kaka, yaguse kwanza. Ni makavu." Alimpa jani. "Seli za jani hili zina protini zinazolinda, kama bawabu. Ukungu ukijipenyeza, bawabu anaitambua protini ya huo ukungu. Seli inazitahadharisha jirani zake, kisha inajiua. Ukungu unabaki umezingirwa na seli zilizokufa, hauna cha kula."

"Ijiue? Kwa faida ya nani?"

"Ya jani."

"Basi ina adabu kuliko watu wengine humu ndani."

Miwani hakucheka. Aliomba tungoje. Madoa yakitambaa, atachoma kila mche kwa mkono wake na abaki. Yasipotambaa, aende. Nilimuunga mkono, maana kuchoma miche mizima ni kutangaza ugonjwa tusio nao.

Hayakutambaa. Majani mapya yalichipua safi, na wanunuzi waliokuwa wameanza kunong'ona wakarudi. Kila mmoja alitaka kuelezwa madoa, na wote walimtaka yeye.

"Nani mwingine atawaeleza?" shemeji alisema, safari hii kwa upole. "Msimu huu tu, mdogo wangu."

"Msimu uliopita ulisema hivyohivyo."

"Si wewe uliyeniambia habari za seli na jani?"

Mchana huo nilimpelekea Miwani chai. Nilimkuta kati ya milango miwili, amesimama na trei ya mbegu mpya za msimu huu mikononi.

"Umefunga nyuma yako, wifi?"

"Nimefunga."

Akafungua wa ndani.